Sura ya Nne: Kabla ya Salamu

Mnamo 1858, katika visiwa vya Lamu, mama mmoja alimwita binti yake aje karibu. Alikuwa mgonjwa. Maradhi yalikuwa yametimiza mwaka, na kwa muda wote huo hakupata kumwambia mwanawe neno la maana. Sasa akamtaka asogee, aketi, alete wino na karatasi, maana moyoni alikuwa na jambo.

Hivyo ndivyo unavyofunguka Utendi wa Mwana Kupona. Ni beti tatu tu, na katika beti hizo msikilizaji ameshajua nani anasema, anamwambia nani, anataka kumpa nini, na kwa nini jambo lenyewe haliwezi kungoja. Binti akishasogea, ndipo mama anapomwambia aandike Bismillahi na kumtaja Mtume na masahaba zake. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mcha Mungu, na utendi mzima ni wasia wa dini na adabu. Hata hivyo, katika utendi kama tunavyousoma vitabuni, wito umetangulia, dua imefuata.

Nimeanza na mama huyu kwa sababu kila ninapokaa na vijana wanaotengeneza podikasti za Kiswahili na kuwaomba wasogeze salamu zao nyuma kidogo, jibu huwa moja: sisi ni watu wa salamu, na mtu hawezi kuingia moja kwa moja kwenye mazungumzo kama mgambo. Hoja hiyo naiheshimu. Mtu asiyesalimu kwetu huhesabiwa kuwa hana malezi. Lakini Mwana Kupona, ambaye hakuna atakayethubutu kumfundisha adabu, alijua kwamba kumwita mtu na kumweleza kwa nini umemwita ni heshima pia. Alimwita kwanza. Salamu na sala zikaja binti akiwa tayari ameketi, kalamu mkononi, anataka kusikia.

Msimamo wangu katika sura hii ni huo. Mwanzo wa kipindi ni wito. Kazi yake ni kumfanya msikilizaji asogee, na msikilizaji hasogei kwa kusalimiwa. Husogea anapohisi kuna jambo linalomhusu na kwamba lisiposemwa leo atakuwa amelikosa.

Wazee wetu walilijua hili hata kabla ya karatasi. Mtambaji wa hadithi alipotamka "Paukwa!" hakuendelea mpaka waliomzunguka waitike "Pakawa!" Mwitikio ukiwa hafifu, aliita tena. Alikuwa anapima kama watu wapo, si miili yao tu. Mtengenezaji wa podikasti hana bahati hiyo. Anaita peke yake chumbani, mbele ya kipaza sauti, na pakawa anayojibiwa haina sauti: ni mtu fulani ndani ya daladala ya Mbagala, au jikoni Nakuru, au kwenye zamu ya usiku huko Muscat, ambaye hakubonyeza kitufe cha kuacha.

Basi tulitoa wapi mazoea ya kusalimu kwa dakika tatu? Tumeyatoa redioni, na redioni yalikuwa na kazi ya kweli. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza 1957, Sauti ya Amerika 1962, Deutsche Welle 1963. Zote zilitufikia kwa masafa mafupi, na masafa mafupi yalikuwa ni mchezo wa kutafuta. Mtu alizungusha kitufe taratibu katikati ya miluzi na mikwaruzo, bila kujua kama anaelekea London, Cologne au kwingineko. Ndiyo maana vituo vilipiga muziki wa utambulisho kabla ya matangazo: Deutsche Welle walikuwa na kipande kutoka opera ya Beethoven iitwayo Fidelio, kilichopigwa kwa selesta, kikirudiwa tena na tena ili mwenye redio aweze kurekebisha mawimbi yake vizuri. Redio Tanzania Dar es Salaam walikuwa na kitu kilicho bora zaidi kwa masikio yetu: ngoma za Morris Nyunyusa, mpiga ngoma asiyeona, zilizotangulia taarifa ya habari. Zilipolia, watoto walinyamazishwa.

Baada ya muziki, mtangazaji alitaja kituo, mahali, saa, jina la kipindi na jina lake. Hakuwa anapoteza muda. Nusu ya wasikilizaji walikuwa wamefika sekunde ileile, hawajui wako wapi, na wengine walikuwa bado wanavuta viti. Salamu ndefu ilikuwa sebule ya kungojea waliochelewa.

Msikilizaji wa podikasti hachelewi. Hawezi kuchelewa, kwa sababu kipindi kinaanza yeye anapotaka. Ameona jina la podikasti kwenye skrini, ameona picha, amesoma kichwa cha kipindi, amebonyeza. Ukitumia dakika ya kwanza kumwambia jina la podikasti, jina la kipindi na kwamba leo ni siku nyingine tena, unamweleza yale aliyoyasoma kabla hujafungua mdomo. Kibaya zaidi, unamtoza. Faili la sauti lililobanwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde, kiwango kinachotumika sana, hula karibu megabaiti 1 kwa kila dakika. Wasikilizaji wetu wengi wananunua bando la siku au la saa. Salamu ya dakika tatu ni megabaiti 3 zilizotoka mfukoni mwa mtu aliyekuja kusikiliza habari za kilimo cha vanila.

Na sasa msikilizaji anapoondoka, inajulikana. Kwa miaka mingi watengenezaji waliona idadi ya watu waliopakua tu. Mwaka 2017 Apple ilianza kuwaonyesha watengenezaji ni dakika gani wasikilizaji wanaacha au wanaruka mbele, na majukwaa mengine yana takwimu za aina hiyo. Ukiwa na podikasti, fungua mchoro huo leo. Ukiona mstari unaporomoka mwanzoni kabisa, kabla mgeni hajatia neno, jua kwamba watu hao hawakumkataa mgeni. Hawakumfikia.

Sasa tutazame mwanzo uliofanya kazi. Oktoba 2014 nchini Marekani ilitoka podikasti iitwayo Serial, iliyoongozwa na Sarah Koenig na iliyotokana na timu ya kipindi cha redio cha This American Life. Ilihusu kesi ya Adnan Syed, kijana wa Baltimore aliyehukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2000 kwa mauaji ya mwanafunzi mwenzake, Hae Min Lee, yaliyotokea Januari 1999. Ikawa podikasti ya kwanza kupewa Tuzo ya Peabody, na mpaka leo wengi wanaoifanya kazi hii wanaitaja kama mlango waliopitia.

Mtu angedhani mwanzo wake ni mauaji. Sauti ya ving'ora, mama analia, hakimu anasoma hukumu. Sivyo. Kinachosikika kwanza ni ujumbe wa mashine ya simu ukieleza kwamba simu hii inatoka kwa mfungwa, na katikati ya ujumbe huo sauti ya binadamu inataja jina lake: Adnan Syed. Muziki unaingia. Kisha Koenig anasema kwamba kwa mwaka mzima, kila siku ya kazi, amekuwa akijaribu kujua kijana mmoja wa shule alikuwa wapi kwa muda mfupi baada ya masomo, siku moja ya mwaka 1999. Halafu anafanya jambo la werevu mkubwa. Anawauliza vijana, akiwemo mpwa wake, wakumbuke walifanya nini siku fulani wiki kadhaa zilizopita. Hawakumbuki. Wanabahatisha, wanajikanganya, wanacheka.

Tazama kilichokupata wewe msikilizaji. Umejaribu mwenyewe. Ijumaa ya wiki sita zilizopita ulikuwa wapi kati ya saa nane na saa tisa mchana? Hujui. Na papo hapo umetambua kwamba ungeulizwa na polisi, usingekuwa na jibu, hata ukiwa huna hatia yoyote. Kabla ya kusikia habari za maiti umeshaingia ndani ya kesi, umesimama alipo mshtakiwa. Kwa maoni yangu hakuna mwanzo wa podikasti uliofikiriwa vizuri kuliko ule, na siri yake ni kwamba msikilizaji alipewa swali la hadithi alijaribu mwilini mwake kabla ya kuelezwa ni la nani.

Wengi walioiga Serial waliiga mauaji na muziki wa kinanda. Walichotakiwa kuiga ni lile swali.

Tena mwanzo si lazima uwe wa kasi. Machi 2017 timu iliyokuwa na mizizi hiyohiyo ilitoa S-Town, simulizi ya mwandishi Brian Reed kuhusu mwanamume wa Alabama aitwaye John B. McLemore. Mwanzo wake ni saa za kale. Reed anaeleza, bila haraka yoyote, jinsi fundi anavyopambana na saa iliyodumu miaka mia mbili au tatu: mafundi wengi wameishika, hakuna kitabu cha maelekezo, na anachoweza kufanya ni kusoma alama ndogondogo zilizoachwa kwenye chuma ili abuni kifaa gani kilikuwepo na kikaondolewa. Hakuna aliyekufa, hakuna anayepiga kelele. Lakini unasikiliza, kwa kuwa unahisi kwamba huyu mtu haelezi saa peke yake, na unataka kujua anakupeleka wapi. Upole wa sauti si tatizo. Tatizo ni mwanzo usiodai chochote, usiomwachia msikilizaji kitu cha kungojea.

Afrika Mashariki tuna bingwa wetu wa jambo hili, na vijana wengi wa podikasti hawajamsikiliza kwa sikio la kujifunza. Leonard Mambo Mbotela alianza kipindi chake Je, Huu ni Ungwana? mwaka 1966, redio ya taifa ya Kenya ikiitwa Sauti ya Kenya, akaendelea nacho kwa miongo mingi, hata redio hiyo ilipoitwa KBC. Alifariki Februari 2025. Alichukua mienendo ya kila siku, ya kwenye basi, mezani, msibani, ofisini, akaisimulia, kisha akauliza swali ambalo tayari lilikuwa jina la kipindi. Fikiria nguvu ya jina hilo. Mtangazaji akishalitaja tu, kila anayesikiliza ameshakuwa hakimu. Anajua ataletewa kisa na ataombwa atoe hukumu, na pengine kisa chenyewe kitamgusa yeye au jirani yake. Kipindi hakikuhitaji kueleza umuhimu wa maadili kwa jamii. Swali lilitosha, na lilitosha kwa zaidi ya nusu karne.

Tuingie karakana. Tuseme umekwenda Feri, soko la samaki la Magogoni, Dar es Salaam, ukarekodi asubuhi nzima. Una mahojiano na dalali wa mnada, una mazungumzo na mama anayenunua samaki wa kwenda kukaanga, una kelele za mnada wenyewe, una bahari. Umerudi nyumbani, umekaa mbele ya kompyuta. Rasimu ya kwanza ya mwanzo, kwa watu wengi, huwa hivi:

"Habari za wakati huu mpenzi msikilizaji popote pale ulipo, natumaini u mzima wa afya. Karibu sana katika kipindi kingine cha podikasti yetu pendwa. Leo tutazungumzia sekta ya uvuvi, sekta ambayo ni muhimu sana kwa uchumi wa taifa letu, na hususan tutaangazia changamoto zinazowakabili wanawake wanaojishughulisha na biashara ya samaki."

Hakuna kosa la sarufi hapo. Hakuna mtu pia. Yupo "mpenzi msikilizaji", ipo "sekta", wapo "wanawake wanaojishughulisha", na hakuna hata mmoja kati yao mwenye mikono. Neno "changamoto" limechoka kiasi kwamba masikio hulipita bila kusimama. Na kipindi kimeshatoa hukumu yake kabla ya kuanza: sekta ni muhimu, kuna matatizo. Msikilizaji hana cha kungojea ila orodha.

Rudi kwenye rekodi. Usitafute sehemu yenye taarifa nyingi. Tafuta pale ambapo wewe mwenyewe, ukiwa Feri, uliacha kufikiria betri ya kinasa sauti na ukabaki unasikiliza. Tuseme ni pale dalali aliposema: "Mimi sipangi bei. Naisoma machoni mwao." Hapo pana kipindi. Kwa sababu sentensi hiyo inaleta maswali mengine mara moja. Anasoma nini? Na yule mama, anajua kwamba anasomwa?

Sasa andika tena:

"Saa kumi na mbili kasoro, Feri. Mama ameshika ndoo tupu, na kwenye pindo la khanga ana shilingi elfu hamsini. Mbele yake limewekwa fungu la changu. Anawataka. Amejitahidi uso wake usiseme hivyo."

Kelele za mnada zipande kwa sekunde tano au sita. Kisha dalali: "Mimi sipangi bei. Naisoma machoni mwao."

Halafu wewe: "Dakika moja kutoka sasa mama huyu atajua kama leo atapata faida au atakaanga samaki wa watu bure. Bei haijaandikwa popote. Nimekaa Feri asubuhi nzima nikitaka kujua inatoka wapi."

Na hapo ndipo salamu inapoingia, muziki wako ukiwa chini yake: jina lako, jina la podikasti, karibu. Ni salamu ileile uliyotaka kuitoa mwanzo, na haina haja ya kufupishwa sana, kwa sababu sasa anayesalimiwa amekaa. Imechukua kama nusu dakika kufika hapo.

Mambo machache kuhusu rasimu hiyo ya pili, maana kila moja lina sababu. Sentensi ni fupi kwa kuwa sikio haliwezi kurudi nyuma kusoma tena. Magazeti yametuzoesha sentensi za "ambaye", "ambazo" na "ambapo" zilizobebana, mtendaji yuko mstari wa kwanza na kitenzi mstari wa nne. Kwa jicho zinapita, kwa sikio zinapotea. Takwimu ni moja tu, elfu hamsini, na imewekwa mahali inapoonekana, kwenye pindo la khanga. Umuhimu wa uvuvi kwa taifa haukutajwa, na msikilizaji atauelewa mwenyewe dakika ya ishirini, akishajua fungu moja la changu linalisha nyumba ngapi.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia hapa kuliko tunavyokitumia. Kitenzi chetu kinaweza kumbeba mtu bila kumtaja. "Alibisha mara tatu." "Walimkuta amelala." Sikio linauliza papo hapo: nani? Mwandishi mzuri huliacha swali hilo lining'inie kwa sentensi moja au mbili, kisha analijibu. Akiliacha kwa sentensi kumi, msikilizaji anahisi anachezewa. Kuna kipimo, na kipimo hicho hujulikana kwa kusoma kwa sauti mbele ya mtu mwingine na kutazama uso wake.

Niseme jambo juu ya dalali na yule mama. Kipande cha sauti unachokiweka mbele ndicho kitakachomtambulisha mtu huyo kwa maelfu wasiomjua. Siku hizi kuna mtindo wa kuchukua kilio cha mgeni, sekunde ambazo sauti imekatika kwa uchungu, na kuzibandika mwanzoni kama bango. Mimi nausihi moyo wa kila mtengenezaji uukatae mtindo huo. Mama aliyekusimulia kifo cha mwanawe alifika kwenye kilio baada ya saa nzima ya kukuamini. Msikilizaji naye anastahili kufika hapo kwa njia aliyopita mama. Ukikiweka kilio mbele umekiuza, na wageni wengine watasikia umekiuza, na hawatakukaribisha nyumbani kwao.

Vivyo hivyo ahadi. Kila mwanzo ni deni. Ukimwambia mtu kwamba kuna jambo litakalomshangaza, lazima liwepo na lazima limshangaze, tena ndani ya kipindi hichohicho. Tumejaza intaneti vichwa vinavyosema "hutaamini" juu ya mambo ambayo kila mtu ameyaamini siku nyingi. Msikilizaji aliyedanganywa mara mbili hana hasira. Anaondoka kimya na harudi, na mchoro wa takwimu hautakueleza sababu.

Podikasti za mazungumzo, zile za marafiki wawili watatu wanaopiga soga, zina shida yao. Wengi huanza kurekodi katikati ya kicheko, wakidhani uchangamfu utaambukiza. Huambukiza anayejua kilichochekwa. Asiyejua anajiona amefika kwenye meza ya watu wasiomwona. Dawa yake si kuacha kucheka. Mmoja wenu aseme mapema, kwa sentensi moja ya kweli, ni jambo gani limewakutanisha leo na kwa nini mmetofautiana juu yake. Kama hamjatofautiana na hakuna anayetaka kujua kitu kutoka kwa mwenzake, basi bado hamna kipindi. Ongeeni tu, mfurahi, msirekodi.

Na wasifu wa wageni! Tumerithi kwenye makongamano desturi ya kusoma shahada zote za mgeni, nyadhifa zote, bodi zote. Ni heshima, naelewa, na mgeni mwenyewe wakati mwingine hutuma karatasi ndefu akitarajia isomwe. Chagua jambo moja linalomfanya awe mtu sahihi kwa swali la leo. Daktari aliyefanya kazi wodi ya watoto kwa miaka ishirini, na leo mnazungumza juu ya homa za watoto, hahitaji kutanguliwa na jina la shule yake ya sekondari. Mengine yaandike kwenye maelezo ya kipindi, yatasomwa na anayetaka.

Upande wa mitambo sitakaa sana, sura ya saba inahusu hayo. Itoshe kusema kwamba sekunde za mwanzo ndizo msikilizaji anazopangia sauti ya simu yake. Ukianza kwa kunong'ona kisha muziki ukavuma, atavua hedifoni kwa maumivu. Apple huwashauri watengenezaji waweke wastani wa ukubwa wa sauti karibu na -16 kwenye kipimo kiitwacho LKFS, na programu nyingi za kuhariri, zikiwemo za bure, zinaweza kukupimia. Muziki wa utambulisho usizidi sekunde kumi au kumi na tano kabla hujaongea juu yake. Kama kuna tangazo la biashara, liweke baada ya mwanzo, si kabla yake. Mfadhili anayeelewa kazi hii atakubali, kwa sababu baada ya wito mzuri kuna watu wa kulisikia tangazo lake.

Swali ninaloulizwa zaidi ni lini mwanzo uandikwe. Mwishoni. Hariri kipindi chote kwanza, kisikilize chote, ndipo uandike mwanzo, kwa kuwa kabla ya hapo hujui kipindi kinauliza nini. Watu wengi huandika mwanzo kabla hata ya kwenda kurekodi, na mwanzo huo hubaki umetangaza safari ambayo haikufanyika. Ukimaliza kuuandika, urekodi ukiwa umesimama, na umwambie mtu mmoja. Usiseme "wasikilizaji wote". Mchague mtu unayemjua, anayeishi maisha yenye shughuli, asiye na subira na maneno mengi, kisha mwambie yeye. Mwana Kupona hakuanza kwa kuwaita wanawake wote wa Uswahilini. Alimwita binti yake, Mwana Hashima, na wanawake wa pwani nzima wakausoma wasia wake kama wao.

Kabla hujafungua sura inayofuata, chukua kipindi chako cha karibuni na ukisikilize kwenye simu ya bei nafuu, ndani ya daladala au matatu, kama wasikilizaji wako wanavyokisikiliza. Mkononi uwe na karatasi. Andika dakika na sekunde ya sentensi ya kwanza ambayo ungekuwa mtu mgeni ingekufanya uendelee. Kisha rudi nyumbani, ikate sehemu yote iliyotangulia sentensi hiyo, weka salamu yako baada yake, na umpe mtu asikilize vipindi vyote viwili bila kumwambia kipi ni kipya.